Matiti yamejaa na hunyonyeshi: dalili, chanzo chake na la kufanya

Mama akijifungua salama, hospitali nyingi humruhusu baada ya saa 24. Maziwa yenyewe huingia kati ya saa 48 na 72. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mama ametoka wodini matiti laini, hakuna aliyemwambia neno kwa kuwa wote walijua hatanyonyesha, halafu usiku wa tatu anashtuka kifua kimekuwa mawe mawili, gauni limelowa, na nyumbani kila mtu ana dawa yake.

Mimi ni mkunga, na miaka yangu mingi imepita wodi ya wazazi na kliniki ya baada ya kujifungua, huku pwani ya Tanzania. Naandika kwa ajili ya mama asiyenyonyesha kwa sababu yoyote ile: mtoto amefariki, mama yuko kwenye dawa za saratani, mtoto ana maradhi yasiyoruhusu maziwa, au mama ameamua tu. Wamo pia waliopoteza mimba. Kuanzia wiki ya 16 hivi titi huwa limeshaanza kutengeneza dang'a, yale maziwa ya mwanzo, kwa hiyo mimba iliyotoka ikiwa na miezi mitano inaweza kabisa kuleta maziwa, na hawa ndio wanaoshtuka kuliko wote.

Angalizo moja kabla hatujaanza. Kama umeacha kunyonyesha kwa sababu tu una virusi vya UKIMWI, rudi kliniki uulize tena. Tanzania na Kenya, mama anayemeza ARV vizuri hushauriwa amnyonyeshe mtoto maziwa yake pekee miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee pamoja na vyakula vingine. Wenzetu walioko Ulaya na Marekani wanaweza kuwa wameelekezwa vingine. Fuata kliniki inayokuhudumia.

Acha kusoma, nenda kituoni

Kuna hali ambazo hazitatuliwi nyumbani. Homa ya 38 au zaidi, hasa ukiwa unatetemeka. Titi moja limekuwa jekundu, la moto, na wekundu unatambaa. Uvimbe unaobonyea kama kuna maji ndani. Usaha au damu kwenye chuchu. Na yale ya uzazi wenyewe, ambayo mama huyasahau kwa kuwa akili yote iko kifuani: damu inayojaza pedi ndani ya saa moja, uchafu ukeni wenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana. Homa baada ya kujifungua usiipe jina "ni maziwa tu" mpaka mtu amekupima. Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa kizazi kimepata maambukizi, na hiyo ya pili inaua haraka.

Titi linavyofanya kazi

Kondo la nyuma likitoka, homoni ya projesteroni hushuka ghafla, prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, inabaki juu, na titi linaanza kazi bila kukuuliza kama mtoto yupo. Siku hizo za mwanzo ni amri ya homoni. Baada ya hapo titi linageuka kuwa kama mama ntilie: chakula kikiisha sufuriani, kesho anaongeza kilo, kikibaki, anapunguza. Maziwa yakibaki ndani, chembe za titi hupata ishara ya kupunguza, na yaliyobaki mwili huyanyonya wenyewe pole pole. Hayaozi. Hayageuki saratani. Nimeulizwa hilo mara nyingi mno hadi nimeona nilitangulize.

Tatizo ni kwamba kule kujaa kunakokuumiza ndiko kunakoyakausha. Kwa hiyo kila utakaloambiwa ufanye, lipime hivi: linapunguza maumivu bila kumaliza sufuria? Kama jibu ni ndiyo, fanya.

"Yamekuwa mawe, yote mawili"

Hili ndilo linalowapata wengi. Matiti yote mawili, siku ya tatu hadi ya tano, magumu, yana joto, ngozi imenyooka inang'aa, mishipa ya damu imejitokeza, huwezi kulala ubavu. Unaweza kuwa na joto kidogo la mwili pia. Si maziwa peke yake yaliyojaa humo. Damu imeongezeka na kuna maji ya uvimbe kwenye nyama, ndiyo maana hata ukikamua unaona titi bado gumu. Kilele ni siku moja au mbili. Kufika siku ya saba hadi ya kumi wengi wanakuwa wamepumua.

Kinachosaidia kwanza ni baridi. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya barafu, au zile barafu za kwenye mfuko ambazo watoto hununua dukani, zungushia taulo, weka dakika 15 hadi 20, ondoa, pumzika saa moja, rudia. Usiweke barafu juu ya ngozi moja kwa moja, inaunguza. Huna friji wala jirani mwenye friji? Maji ya mtungi yanatosha, badilisha kitambaa mara kwa mara.

Majani ya kabichi nayo yanafanya kazi kwa wengi. Yaoshe, yapoze, ponda ile mishipa minene kwa chupa ili jani lilale vizuri, panga ndani ya sidiria ukiacha chuchu nje, toa yakinyauka. Tafiti zake ni ndogo na hazijakubaliana kama ni kabichi yenyewe au ni ubaridi wake, lakini sijaona yakimdhuru mtu mwenye ngozi isiyo na kidonda. Na kwa kuwa niko pwani nitaongeza hili: kusini mwa India wanawake hubandika maua ya asumini juu ya matiti ili kukausha maziwa, asumini hii hii tunayotungia vikuba. Mwaka 1988 watafiti wa huko waliyalinganisha na bromokriptini, dawa ya kukausha maziwa, na prolaktini ilishuka kwa makundi yote mawili, ingawa dawa iliishusha zaidi. Ukitaka kujaribu, jaribu, angalau utanukia.

Pili ni sidiria. Iwe imara, isiyo na waya, inayobeba bila kubana. Kipimo changu ni vidole viwili vipite chini ya mkanda bila shida. Siku hizi chache utahitaji saizi moja juu ya ile yako, na ya mtumba inatosha kabisa. Lala nayo.

Tatu ni kukamua kidogo, na hapa ndipo watu wanapokosea pande zote mbili. Kuna anayeambiwa asiguse hata tone, akalia siku tatu. Kuna anayeambiwa akamue mpaka yaishe, na kesho yake yamejaa maradufu. Fanya hivi. Nawa mikono, kaa umeinama mbele juu ya bakuli. Kidole gumba juu, vingine chini, nyuma kidogo ya ile duara nyeusi, sentimita tatu hivi kutoka kwenye chuchu. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, halafu bana, kisha achia. Usivute chuchu, usiteleze vidole juu ya ngozi. Sasa gusa paji la uso wako: ugumu huo ndio ulioanza nao. Gusa ncha ya pua yako. Titi likifika hapo, acha. Usisubiri lilainike kama mdomo. Mara nyingi ni kijiko kimoja au viwili tu. Siku ya tatu unaweza kuhitaji mara tatu, ya nne mara mbili, ya tano mara moja kabla ya kulala. Pampu sipendi kwa kazi hii. Inavuta vizuri mno, na mtu anajisahau.

Kinachoharibu

Siku moja alikuja mama wa siku ya nne, ameletwa na mama mkwe wake. Mama mkwe amebeba chupa ya chai, ndani yake maji ya moto. Nilipomvua kanga nilikuta ni mbili, moja juu ya nyingine, zimesokotwa na kufungwa fundo kwa nyuma. Pindo la kanga lilikuwa limeacha mchirizi mwekundu kuanzia chini ya kwapa hadi katikati ya kifua, na palepale pindo lilipobana, upande wa nje wa titi la kushoto, palikuwa na kitu kigumu kama kamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sisi wote tulifungwa hivi, na maziwa yakakata."

"Yalikata, kweli. Na maumivu je?"

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Wacha tu, mwanangu. Wiki nzima nililala nimekaa."

Hakuwa mjinga yule mama. Aliona alifungwa, aliona maziwa yamekata, akaunganisha. Kilichoyakata ni kwamba hayakutolewa. Yangekata hata bila kanga, tena bila kulala amekaa. Kufunga kwa nguvu kunabana mirija, maziwa yanakwama sehemu moja, na hapo ndipo panapozaliwa donge na baadaye maumivu na homa. Kanga ya kufungia tumbo sina ugomvi nayo leo. Kifuani, hapana.

Maji ya moto vilevile. Kukandwa ni heshima kubwa kwa mama mzazi, na kumwambia bibi aweke beseni chini ni kumvunja moyo. Lakini joto linapanua mishipa ya damu, linaleta maziwa zaidi na kuyafanya yatiririke. Mama anasikia raha dakika kumi, jioni analia. Ukioga kwa ndoo na kata, mwagia mgongoni. Ukioga bafu la mvua, geuza mgongo, maji yasipige kifua.

Na kuna kosa dogo ambalo karibu kila mtu analifanya: kubonyeza ili kuona kama bado yapo. Asubuhi anabonyeza, yapo. Mchana, yapo. Usiku mume anaulizwa naye ahakikishe. Kila chuchu ikiguswa ubongo unapata habari kwamba kuna mtoto ananyonya. Ukitaka kujua kama yanakauka, hesabu mara ngapi umebadilisha kitambaa.

"Nimekunywa dawa, bado inauma"

Mara nyingi dawa ni sahihi, kipimo ndicho kidogo. Kidonge kimoja cha Panadol asubuhi hakitoshi kitu. Kwa mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi na ini zima, parasetamoli ni vidonge viwili vya mg 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Angalia kama hujameza na dawa ya mafua, nyingi zina parasetamoli ndani yake. Ibuprofeni mg 400 mara tatu kwa siku baada ya kula inasaidia zaidi kwa kuwa inashusha na uvimbe, ila usiitumie kama una vidonda vya tumbo, matatizo ya figo, au pumu inayochokozwa na dawa za namna hiyo. Kama presha ilipanda wakati wa ujauzito, uliza kwanza.

Aliyejifungua kwa upasuaji huwa ameruhusiwa na diklofenaki. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu wa tumbo moja; ukimeza zote mbili huongezi nafuu, unaongeza kutoboa tumbo. Tumia moja, pamoja na parasetamoli.

"Kuna donge sehemu moja"

Kwingine kote matiti yamelegea, lakini sehemu moja imebaki ngumu, inauma ukiigusa, ngozi juu yake ni ya kawaida au nyekundu kidogo, na huna homa. Hapo maziwa yamekwama na nyama ya pale imevimba. Tafuta kilichobana: waya wa sidiria, mkanda wa pochi begani, kulala kifudifudi, ile kanga. Kiondoe. Weka baridi. Pitisha mkono kwa upole kutoka kwenye donge kuelekea kwapani, kama unavyompaka mtoto mafuta, bila kukandamiza. Usilikande kwa nguvu ati livunjike. Nimeona ngozi imechubuka na kuwa ya buluu kwa kukandwa na mchi. Kamua kidogo kama nilivyoeleza.

Siku moja au mbili linapaswa kupungua. Likibaki wiki mbili bila kubadilika, hata kama haliumi, tena hasa kama haliumi, nenda ukapigwe ultrasaundi. Si kila uvimbe wa titi baada ya uzazi unasababishwa na maziwa.

"Titi moja limewaka, nina homa, mwili wote unauma"

Hayo ni maambukizi ya titi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tofauti na kujaa kwa kawaida: ni upande mmoja, wekundu una umbo la kipande cha pizza au cha keki kuelekea kwenye chuchu (kwa ngozi nyeusi sana wekundu hauonekani vizuri, tumia kiganja cha mkono kulinganisha joto la pande mbili), na mama anajisikia kama ana mafua makali au malaria. Bakteria anayehusika zaidi anaitwa Staphylococcus aureus, na huyu amezoea kuzishinda dawa nyepesi. Ndiyo maana amoksilini ya dukani, tena nusu dozi, humpa mama siku mbili za matumaini kisha jipu. Daktari kwa kawaida ataandika kloksasilini au flukloksasilini mg 500 kila saa 6 kwa siku 10 hadi 14. Kama una mzio wa penisilini, sema kabla ya kuandikiwa.

Hapa tu ndipo kanuni ya "kamua kidogo tu" inalegea. Usiache titi lenye maambukizi likiwa limefura; toa kiasi cha kupata nafuu, mara kadhaa kwa siku, ukiendelea na baridi na dawa ya maumivu. Utakausha ukipona.

Saa 48 za dawa zikipita bila nafuu, rudi. Usingoje dozi iishe. Huenda usaha umeshajikusanya, na jipu la titi halikauki kwa vidonge pekee: linavutwa kwa sindano, mara nyingi zaidi ya mara moja, au linapasuliwa. Wembe wa nyumbani hapana.

"Nina mtoki kwapani"

Nimewahi kupokea mama aliyekwisha kuandikiwa kufanyiwa upasuaji wa tezi. Nyama ya titi ina mkia unaopanda hadi kwapani, na kwa baadhi ya wanawake kuna kipande kabisa cha titi la ziada huko, ambacho hawakujua wanacho mpaka maziwa yalipoingia. Kinavimba siku zile zile, kinauma, wakati mwingine kwapa zote mbili. Kisikamuliwe. Weka baridi, mkono uwe umelegea, kitanywea pamoja na mengine. Kikibaki baada ya wiki kadhaa, kikaonwe.

"Yananivuja hadharani"

Kuvuja ni njia ya titi kujipunguzia mzigo, hakuna ubaya. Kinachokera ni aibu. Kata nepi ya kitambaa au fulana ya pamba vipande vya duara, vikunje mara tatu, weka ndani ya sidiria, vaa kanga au gauni lenye maua maua lisiloonyesha maji. Badilisha kikilowa. Unyevu ukikaa unaleta fangasi, na chuchu inaanza kuwasha na kuchubuka. Hapo utakuwa na matatizo mawili. Ndani ya kitambaa usiweke nailoni.

Maziwa yanaweza kuchuruzika ghafla ukisikia mtoto wa jirani analia, au hata paka. Ni homoni ya oksitosini, haina uhusiano na nia yako. Bana mikono juu ya kifua, kandamiza chuchu kwa kiganja dakika moja, itaisha.

"Nipewe dawa ya kukausha"

Zipo. Nitaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu zinauzwa kirahisi kuliko zinavyostahili.

Inayopendelewa sasa ni kabagolini. Siku ya kwanza baada ya kujifungua ni mg 1 mara moja tu. Kama maziwa yameshaanza kutoka, ni mg 0.25 kila saa 12 kwa siku 2. Inaweza kuleta kizunguzungu, kichwa kuuma na kichefuchefu. Haimfai mwenye presha ya ujauzito au kifafa cha mimba, mwenye ugonjwa wa vali za moyo, wala aliyewahi kuchanganyikiwa akili baada ya kujifungua. Ukiwa unajua mapema kwamba hutanyonyesha, ongea na daktari kabla hujaondoka wodini. Kuikumbuka siku ya nne ni kuchelewa, ingawa bado inafanya kazi.

Bromokriptini ni ya zamani, inamezwa siku 14, na wengi wakimaliza maziwa hurudi kidogo. Imehusishwa na kiharusi, degedege na mshtuko wa moyo kwa wachache, na katikati ya miaka ya 1990 Marekani iliifutia kazi hii ya kukausha maziwa. Usiinunue kwa sababu dada wa duka la dawa amesema "hii wanachukua sana."

Sindano au vidonge vya estrojeni vilitumika zamani na viliachwa kwa sababu ya damu kuganda miguuni na mapafuni. Kwa sababu hiyo hiyo usianze vidonge vya majira vyenye homoni mbili ndani ya wiki 3 za kwanza ati vikukaushie. Lasix na dawa nyingine za kukojoza hazikaushi maziwa, zinakukausha wewe.

Kwa wengi, nasema kwa yale niliyoyaona, baridi, sidiria na parasetamoli vinatosha. Ninayempigania apewe dawa ni mama aliyezika. Siku nne za kifua kinachodai mtoto asiyekuwepo ni adhabu ambayo sioni sababu ya kumwachia kama presha yake ni nzuri.

"Nisile mtori? Nisinywe maji?"

Kula. Mtori, supu ya kongoro, uji wa pilipili manga, vyote hivyo vinasifiwa kwa kuleta maziwa, na mama asiyenyonyesha huvinyimwa vyote, akabaki na chai kavu huku amepoteza damu. Titi linafuata kutolewa kwa maziwa, halifuati sufuria ya supu. Kujinyima maji nako hakukaushi chochote isipokuwa midomo, na kunaleta choo kigumu wakati una nyuzi. Kunywa kiu yako.

"Nalia tu"

Siku maziwa yanapoingia ndiyo siku homoni zinaposhuka, kwa hiyo machozi ya siku ya tatu hadi ya tano ni ya wengi, hata wenye watoto wazima mikononi. Kwa aliyefiwa, tone la kwanza la maziwa linaweza kuuma kuliko mazishi. Wengine wanataka yaishe leo hii. Wengine wanayaonea huruma, wanakamua kidogo siku kadhaa kwa kuwa ndicho kilichobaki cha mtoto. Sijawahi kumkataza mtu. Nyumbani, msimwambie "utapata mwingine." Mleteeni kitambaa cha baridi, mkae.

Huzuni ikivuka wiki mbili bila kupungua, usingizi hauji hata kukiwa kimya, au anasema hana haja ya kuishi, hiyo ni sonona na ina tiba. Akianza kusikia sauti au kuona watu wasiokuwepo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake njiani.

"Yalikauka, yamerudi"

Tafuta kilichoyaita. Chuchu zimeguswa kitandani, mtu ameendelea na ule mchezo wa kubonyeza, bromokriptini imeisha, au umepewa dawa inayopandisha prolaktini. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika ni mojawapo, domperidoni pia, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli na klopromazini. Hizo za mwisho usiziache mwenyewe, rudi kwa aliyekuandikia.

Matone machache kwa wiki kadhaa, hata miezi, ni ya kawaida. Yakiendelea kupita miezi 6 na hedhi haijarudi, pimwa mimba, prolaktini na tezi ya shingo. Mimba nimeitaja ya kwanza kwa makusudi. Asiyenyonyesha anaweza kupevusha yai kabla hata ya arobaini kuisha, na kabla ya kuona damu yoyote. Kinga inahitajika kuanzia siku ya 21. Mama wa zile kanga mbili nilimwona tena mwezi wa nne, amekuja kuchoma sindano ya uzazi wa mpango. Mama mkwe alikuwa amekaa nje kwenye benchi na akanipungia chupa yake ya chai, safari hii ina chai.